Kumbukumbu za Ugenini: Usingoje Siku Iliyo Kamili

Ndugu msomaji, wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi wetu tumeuchukua usemi huo kuwa ni wa wenye maduka, watu wenye madeni ya kukumbuka. Lakini siku za mtu nazo ni mali, na kwa yule aliye mbali na kwao ni mali inayopotea upesi zaidi. Aliyebaki nyumbani akisahau ni mwaka gani upepo uliezua paa, mama mkwe au jirani atamkumbusha. Aliyeko Muscat, Leicester, Guangzhou au Minneapolis akilisahau jina la mtu aliyempokea siku ya kwanza, hana wa kumwuliza.

Jumapili hii tungependa kuzungumza nanyi juu ya kuweka kumbukumbu za maisha ya ugenini. Familia nyingi za mijini siku hizi zina mtu wao nje ya nchi: kijana aliyekwenda kusoma, dada anayefanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba, shemeji anayeendesha lori, mjomba aliyeondoka zamani na kuoa huko huko. Tunasema na hao walioko mbali, na pia tunasema nanyi mlioko hapa, maana kumbukumbu hizo ni zenu nyote.

Daftari zuri lisiloandikwa

Ukimwuliza mtu aliyeko ugenini kwa nini haandiki yanayompata, aghalabu atakujibu kwamba hana nafasi. Jibu hilo lina ukweli wake. Anayefanya kazi zamu ya usiku, akalala mchana na kuamka kwenda kazi ya pili, hana saa za kukalia meza akitafuta maneno. Lakini ukizidi kumdadisi, utakuta kuna sababu nyingine iliyojificha nyuma ya hiyo.

Daftari alinunua. Tena alinunua zuri, lenye jalada gumu na karatasi nyeupe. Likawa zuri mno hata akaona haya kulichafua. Akaandika kurasa tatu za mwanzo kwa mwandiko wa kupendeza, akakosa siku nne, akaona tarehe zimeruka, akalifunga. Siku ya Idi au ya Krismasi alipiga picha arobaini kwa simu yake, asiwatumie wenziwe hata moja: katika hii amefumba macho, katika ile kuna ndoo ya deki nyuma yake, katika nyingine mwanga hautoshi. Alianza kuuandikia umbu lake ujumbe mrefu juu ya hospitali aliyolazwa, akausoma, akaona haukukaa sawa, akaufuta.

Mtu wa namna hii si mvivu. Ni mtu anayetaka kila jambo lifanywe vizuri, na tabia hiyo ndiyo inayomfaa kazini. Fundi umeme asiyejali makosa atachoma nyumba, na muuguzi asiyejali vipimo atamdhuru mgonjwa. Ila kumbukumbu ya maisha si dawa wala si waya wa umeme. Kumbukumbu yenye makosa bado hukumbusha. Ile iliyongojwa mpaka iwe kamili haimkumbushi mtu chochote, kwa sababu haipo.

Aibu nyuma ya picha nzuri

Hata hivyo, ndugu msomaji, tusidhani kwamba kutaka ukamilifu ni suala la mwandiko na mwanga tu. Kwa mtu wa kwetu aliyeko nje lipo jambo zito zaidi, nalo ni heshima. Alipoondoka, ukoo mzima ulimsindikiza. Pengine shamba liliuzwa, pengine mchango ulipitishwa mtaa mzima. Basi anaona kwamba anadaiwa, na ya kwanza katika madeni yake ni kuonekana amefanikiwa.

Ndiyo maana picha zitokazo huko hufanana. Huyu amesimama kando ya gari lisilo lake. Yule amesimama kwenye theluji akiwa na koti la kuazima, anacheka. Chumba anacholala na wenziwe watano hakipigwi picha, wala sinki la vyombo vya watu mia mbili analoliinamia kila jioni. Na sisi tuliobaki huku tunaziangalia picha hizo, tunaamini, halafu tunaandika orodha: ada ya mtoto wa shangazi, bati za nyumba, simu mpya ya mdogo wake. Anayepokea orodha hiyo anazidi kuficha, na kadiri anavyoficha ndivyo orodha inavyorefuka.

Hasara ya jambo hili haiishii kwenye fedha. Mtu akizoea kuwaonyesha watu wake siku nzuri peke yake, siku nyingine zote hubaki hazina shahidi. Baada ya miaka kumi akitazama nyuma anaona picha za mtu anayecheka, na yeye mwenyewe hajui ni nani aliyeivuka ile miaka. Na mtoto aliyezaliwa huko, siku atakapouliza, "Mama, ulipofika hapa uliishi vipi?" ataonyeshwa gari la watu.

Hatusemi kwamba kila shida itangazwe. Siri za nyumba zina mahali pake, na si kila jambo la kumwambia mzazi mwenye maradhi ya moyo. Tunasema tu kwamba daftari ni mahali ambapo mtu hahitaji kuvaa koti la kuazima.

Waliotutangulia

Watu wa pwani yetu waliofika Ulaya zamani wametuachia mafunzo katika jambo hili. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, Sultani wa Unguja, alizaliwa mwaka 1844. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani aitwaye Rudolph Heinrich Ruete, wakakaa Hamburg. Mwaka 1870 mumewe aliuawa katika ajali ya tramu. Bibi huyo akabaki na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi ambayo lugha yake alikuwa bado anajifunza.

Kitabu chake cha maisha yake kilichapishwa Berlin mwaka 1886. Lakini alipoanza kukiandika hakuwa na nia ya kuchapisha chochote. Alieleza kwamba aliandika kwa ajili ya watoto wake, ambao hawakujua mengi juu ya asili yake, naye alikuwa amechoka mwili na roho hata hakutumaini kuishi mpaka wakue. Aliandika kama mtu anayewahi. Kumbe aliishi mpaka mwaka 1924. Aliacha pia maandishi mengine kwa umbo la barua za kwao, zinazosimulia upweke na dhiki ya miaka ile ya Ujerumani. Hizo zilitolewa kwa wasomaji mwaka 1993, karibu miaka 70 baada ya kufa kwake.

Na huyu aliyeandika hivyo, kuandika alijifunza vipi? Katika nyumba ya baba yake wasichana walifundishwa kusoma Kurani, lakini hawakufundishwa kuandika. Binti huyo alijifunza kwa siri, akiziiga herufi za Msahafu juu ya mfupa mpana wa bega la ngamia, uliotumika mahali pa kibao. Angengoja mwalimu na karatasi nzuri, pengine sisi leo tusingelikuwa na habari za ndani za nyumba za Mtoni na Bet il Sahel kama alivyoziona mtoto aliyekulia humo.

Wa pili ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Kitabu kiitwacho "Desturi za Wasuaheli", kilichotoka mwaka 1903, kina sehemu kubwa ya kazi yake. Humo mna habari za uzazi, jando, harusi, ngoma, maradhi na maziko: mambo ambayo kila mtu wa pwani wa wakati ule aliyajua, na kwa hiyo wengi hawakuona haja ya kuyaandika. Mwaka 1905 alijaribu kurudi nyumbani pamoja na mke wake Mjerumani, lakini wakubwa wa koloni hawakukubali bibi huyo ashuke Dar es Salaam, wakarudi Ulaya. Mtoro alifia Berlin mwaka 1927. Nchi hakuiona tena, lakini yale aliyoyaandika yalirudi, na hadi leo wanaotafuta habari za mila za pwani huanzia kwake.

Wa tatu ni Martin Kayamba, ambaye mwaka 1931 alikuwa mmoja wa Waafrika watatu waliokwenda London kutoka Tanganyika kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Mwaka 1932 kilitoka kitabu chake kidogo, "Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza". Hebu liangalieni jina hilo. Halina mapambo. Tuliona nini, tulifanya nini. Mtu yeyote anayedhani kwamba hana la kuandika anaweza kuyachukua maswali hayo mawili na kuyajibu kila jioni.

Barua ya viatu vibovu

Mzee mmoja wa Temeke, mstaafu wa bandari, ametuonyesha mkebe wa biskuti uliojaa barua za binti yake, aliyesoma katika Urusi ya Kisovieti miaka ya 1970. Picha ya mahafali ya binti huyo iko ukutani, wageni huitazama. Barua aliyoichagua kutusomea mzee ni nyingine kabisa. Iliandikwa kwa haraka. Wino uliisha katikati ikamaliziwa kwa penseli. Inasema kwamba viatu vyake vimepasuka soli na amevijaza magazeti, kwamba msichana wa Kivietnam wanayekaa naye chumba kimoja amempa soksi za sufu, na kwamba supu ya kabichi ameanza kuizoea.

Binti mwenyewe, ambaye sasa ana wajukuu, alikuwa amekwisha kuisahau barua ile. Soksi alizisahau, na yule Mvietnam alibaki kwake kama kivuli kisicho na jina. Jina limo katika barua, limeandikwa kwa penseli, tena kwa tahajia aliyoibuni mwenyewe. Lau angengoja kalamu nyingine, rafiki yule angalikuwa amepotea duniani kwa upande wake.

Wataalamu wanasemaje

Wapo waliolichunguza jambo hili kwa njia ya kitaalamu. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio walilofanya kwa wanafunzi wa chuo. Wanafunzi hao waliandika kwa dakika 15 tu, siku nne mfululizo. Walioandika juu ya mambo mazito yaliyowapata, wakaeleza tukio pamoja na walivyojisikia, walikwenda kwa daktari mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika juu ya mambo ya kawaida. Yafaa tuseme pia kwamba mara tu baada ya kuandika walihuzunika. Nafuu ilikuja baadaye. Basi anayeandika akatokwa na machozi asidhani kwamba amefanya kosa.

Kuhusu picha, mwaka 2014 Linda Henkel, naye wa Marekani, alieleza jinsi alivyowatembeza watu katika makumbusho, vitu vingine wakivipiga picha na vingine wakivitazama tu. Siku iliyofuata walivikumbuka vibaya zaidi vile walivyovipiga picha. Lakini walipotakiwa kusogeza kamera na kupiga sehemu moja tu ya kitu, kumbukumbu haikupungua. Fundisho tunaloweza kulipata ni kwamba picha moja iliyopigwa kwa uangalifu yaweza kufaa kuliko picha arobaini za kubahatisha.

Njia nyepesi za kuanza

Sasa tuje kwenye vitendo. Nunua daftari la bei ndogo, la mtoto wa shule, ambalo hutaliogopa. Kila siku, au kila upatapo nafasi, andika tarehe, mahali, na sentensi moja tu. Sentensi hiyo iwe na kitu kinachoshikika: jina la mtu, bei ya kitu, harufu, neno jipya ulilolisikia. "Leo nilikuwa na huzuni" ni sentensi ya kweli, lakini baada ya miaka mitano haitakuambia kitu. "Leo nimesonga ugali wa semolina kwa mara ya kwanza, ukawa uji, tukaunywa na Mkongo wa chumba cha pili" itakurudisha jikoni humo na kuisikia sauti ya Mkongo huyo.

Ukikosa siku kumi, usijaribu kuzilipa. Anayejaribu kulipa siku zilizopita huona deni ni kubwa, akaacha kabisa. Andika tarehe ya leo uendelee. Usichane ukurasa kwa sababu ya kosa. Piga mstari mmoja, maneno yaliyokatwa yaonekane. Na usiandike kana kwamba mwalimu atasahihisha. Changanya lugha ukitaka. Kiswahili cha nyumbani, Kiarabu cha sokoni, Kijerumani cha kiwandani. Mchanganyiko huo nao ni habari ya maisha yako.

Piga picha za vitu visivyo na fahari: kitanda chako, mlango wa nyumba, kituo cha basi unachongojea alfajiri, nguo za kazi zikiwa zimetundikwa msumarini, sufuria iliyotoka nyumbani. Hivyo ndivyo hubadilika bila mtu kuona, na ndivyo watoto watakavyoviulizia. Lakini jihadhari na sheria za nchi uliyomo, na heshima ya wenzako. Katika Falme za Kiarabu, kwa mfano, kumpiga mtu picha akiwa faraghani bila ridhaa yake ni kosa la jinai. Mwajiri, watoto wake na nyumba yake si mali yako ya kupiga picha.

Asiyependa kuandika na aseme. Simu ya mkononi hunasa sauti, na dakika mbili za kusema njiani ukitoka kazini ni kumbukumbu tosha, pamoja na milio ya magari na pumzi za kupanda ngazi. Tatizo la simu ni kwamba huibwa, huanguka majini, na hubadilishwa. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ulioachwa ndani ya simu moja utakwenda na simu hiyo. Basi kila kitu cha thamani kiwe mahali pawili au zaidi, na kila mwaka chagua picha chache, hata kumi tu, uzichapishe katika karatasi.

Nyuma ya picha hizo andika kwa penseli laini: nani, wapi, lini. Wino wa kalamu waweza kupenya au kugusa picha nyingine. Epukeni albamu zile zenye kurasa za gundi. Gundi hiyo huiharibu picha kadiri miaka inavyopita. Stakabadhi za madukani zinazotoka kwenye mashine hufifia hata zikawa karatasi tupu, kwa hiyo ukitaka kukumbuka bei ya unga ulioununua wiki ya kwanza, inakili mapema.

Wajibu wa waliobaki nyumbani

Mwisho, neno kwenu wazazi, wake na waume mlioko hapa. Aliyeko mbali hataleta habari za kweli ikiwa kila habari ya kweli inapokewa kwa lawama au kwa kicheko. Akituma picha ya chumba chake kidogo, msimwambie kwamba amewaaibisha. Mwulizeni dirisha linatazama wapi. Mwulizeni jirani yake ni nani na anapika nini. Mkimwuliza "umetuma kiasi gani?" kila mara, atajifunza kuwaletea tarakimu peke yake.

Nanyi pia mwekeeni kumbukumbu za hapa. Yeye hamwoni mtoto akianza kutembea, wala hausikii mwembe ukikatwa. Msingoje harusi yenye mpiga picha wa kulipwa. Mpigeni picha bibi akiwa anachambua mchele kwa khanga yake ya kila siku, kwa maana hivyo ndivyo mjukuu anavyomjua. Mrekodini akisema jina lake kamili na la mama yake, na mahali alipozaliwa. Wapo walioko ugenini waliopata habari ya msiba kwa simu wakiwa kazini, wasiweze kusafiri kwa sababu ya vibali au nauli, na sauti ya mzazi wakawa hawana hata ya nusu dakika. Mtu wa namna hiyo hakuulizi kama sauti ilikuwa safi. Hata yenye kelele za redio ya jirani angeilipia mshahara wa mwezi.

Ndugu msomaji, jioni ya leo, kabla hujazima taa, tafuta kipande cha karatasi. Andika tarehe na jambo moja uliloliona leo, na jambo moja ulilolifanya. Kama una mtu ng'ambo, mnakilie, kisha mwombe naye akuandikie lake, hata akiandika kwa penseli nyuma ya tiketi ya basi. Likifika, litie mkebeni.